Pingili ya Ishirini na Moja

Bi Sweta hakupata jina hilo kwa kuogopa baridi. Miaka ishirini na miwili alikagua sweta kiwandani, akihesabu vitanzi vya uzi mstari kwa mstari, mpaka mwenye kiwanda akafunga milango na kutokomea na funguo. Akabaki mjane mwenye binti chuoni na macho ambayo hayajawahi kuvaa miwani. Daktari, ambaye hata homa hajui kuitibu kwa kuwa udaktari wake ni wa samaki, akamchukua maabara kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kazi yake ilikuwa kuhesabu pingili za samaki.

Mimi nilikuwa naosha chupa meza ya pili, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Samaki wenyewe tuliwaita sindano. Ni samaki wa mtoni, mwembamba kuliko penseli, mwili wake umevikwa mifupa pingili kwa pingili kama muwa. Mdomo ni mrija usio na jino hata moja. Anavizia vidudu vya majini na kuvifyonza. Kuogelea kwenyewe ni kwa kubahatisha, ndiyo maana anakaa kando, nyasi za ukingo zinapoinamia maji yasiyo na haraka, akitulia katikati ya majani kana kwamba na yeye ni jani. Watoto wakianguliwa, mto unawabeba hadi karibu na bahari, kwenye maji yenye chumvi kidogo. Wakikua wanapanda tena wenyewe. Na mimba, naomba wanaume msome mkiwa mmekaa, anabeba dume. Jike anamgandisha mayai tumboni, halafu anaenda zake bila hata kwaheri.

Ukitaka kujua ni wa aina gani, unahesabu pingili za tumbo, kuanzia pezi la nyuma ya shavu mpaka kwenye tundu la kujisaidia. Zinazofuata ni za mkia. Yaani elimu yote ya Daktari, na vyeti vyote vile ukutani, vilisimama juu ya tundu la haja la samaki. Sitanii.

Sasa Daktari alikuwa amevumbua. Sindano wa kawaida wa mto ule ana pingili ishirini za tumbo. Yeye alipata kumi na wawili wenye ishirini na moja. Aina mpya hiyo. Na kwa kuwa hajapikika chungu kimoja na mama mkwe wake tangu siku ya harusi, akaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba samaki huyo ataitwa kwa jina la mama huyo. Mama Mkwe akatangaza saluni, zahanati na kwa majirani wa mitaa mitatu. Kwa unene wake alistahili kiboko, lakini heshima ni heshima.

Bi Sweta akapewa chupa ya wale kumi na wawili athibitishe tu. Akakaa nayo asubuhi nzima, midomo ikicheza. Saa sita akaniita.

"Hebu njoo uone. Hawa wote wana mayai."

"Si ndiyo akina baba, mama?"

"Wote kumi na wawili? Asiwepo hata mmoja asiye na mimba? Hiyo si aina mpya, mwanangu. Hiyo ni wodi ya wazazi."

Akachukua kibanio, na kabla sijasema kitu akambandua mmoja mayai ya mwisho wa tumbo. Tundu likajitokeza, pingili moja kabla ya pale mayai yalipoishia. Daktari alikuwa amekisia tu kwamba mayai yakiisha na tumbo limeisha, akaliongezea tumbo pingili ya mkia. Zilikuwa ishirini, kama za sindano wengine wote.

Daktari alipoambiwa alisema kwa upole ulionitisha, "Umeharibu sampuli. Mama anakuja Alhamisi, na mkataba wako unaisha Ijumaa. Tutumie busara."

Daktari alipotoka nilimsihi Bi Sweta. "Mama, funika kombe mwanaharamu apite. Binti yako amebakiza mwaka mmoja."

"Kiwandani niliwahi kupitisha sweta yenye kitanzi kilichoachia," akasema. "Nilimwonea huruma mfumaji. Ikafumuka mgongoni mwa mteja, na aliyefukuzwa ni mfumaji, si mimi. Mpaka leo nikikutana naye navuka barabara."

Alhamisi Mama Mkwe aliingia na manukato yaliyoshinda spiriti ya chupa zote. Daktari alisimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Mama akainamia hadubini.

"Ndiye mimi huyu?"

"Ndiye, mama."

"Na chunusi hizi za tumboni?"

"Ni mayai, mama. Huyu ni dume."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamgeukia Bi Sweta. "Na wewe mwenzangu, kazi yako nini hapa?"

"Kuhesabu pingili."

"Hebu nihesabie zangu."

Bi Sweta alimtazama Daktari, akamvuta yule samaki aliyembandua, akahesabu kwa sauti mpaka mwisho. "Ishirini. Tumbo limeishia hapa, mama. Huyu si mpya. Ni yule yule wa siku zote, kabeba watoto."

"Umsamehe, mama," Daktari akadakia. "Macho yamemchoka. Ni umri."

Nilipandwa na hasira nikatamani kummwagia maji ya chupa. Bi Sweta alisogea kando ya hadubini. Alikiweka kibanio mezani.

"Basi hesabu wewe, mwanangu," Mama Mkwe akasema. "Wewe ndiye mwenye macho."

Daktari akainama. Moja mpaka kumi alizisema kama anayesoma taarifa ya habari. Kumi na tano akapunguza mwendo. Kumi na tisa akanyamaza, tukabaki tunasikiliza feni. Halafu akanong'ona kitu.

"Sijasikia," Mama akasema.

"Ishirini, mama."

Mama Mkwe akachukua mkoba wake. "Afadhali. Saluni wameshaanza kuniita Sindano."

Alipoondoka, Daktari alibaki ameketi kwenye kiti cha Bi Sweta, na Bi Sweta akabaki amesimama, amekumbatia pochi yake kama mtu anayesubiri kuambiwa aende.

"Chupa zilizobaki," Daktari akasema mwishowe, "utazimaliza lini?"

Bi Sweta aliitazama rafu. Hakuharakisha.

"Si kabla ya mwezi wa tano."

Daktari akainuka, akampisha kiti, akaenda kwenye kalenda, akaikata ile Ijumaa ya mkataba na kuandika: mwezi wa tano.