Vijana Waliopimwa kama Pamba

Landrova ilipoiacha Kagongwa nyuma na kuingia njia ya mchanga, Salvina aliushika mzani kwa mikono miwili kama anayepakata mtoto. Mwaka ule wa 1974 mvua ilikuwa imewatupa watu, na upande huu hakuwahi kuukanyaga, ingawa kwao Ushirombo si mbali sana. Kazi yake aliijua: kuwapima vijana wa darasa la sita na la saba, uzito na urefu, na kumuuliza kila mmoja anatembea na kufanya kazi kiasi gani kwa siku. Shule ambayo hesabu zingeonyesha njaa, wakubwa wa Mwanza wangeiletea unga wa uji wa mchana. Hilo wazazi hawakutakiwa kulijua kabla ya kupima, wasije wakawashindisha watoto na njaa makusudi.

Alipima kutwa. Jioni, ofisini kwa mwalimu mkuu Clemens, Salvina aligawanya uzito wa kila kijana kwa urefu wake, akagawanya tena kwa urefu uleule, akatia vitone kwenye karatasi ya grafu. Kadiri vitone vilivyoongezeka, ndivyo alivyokunja uso. Watoto wa wenye maduka, wanaoishi jirani na shule, walikuwa wembamba. Wale wa vijiji vya mbali, wanaochunga ng'ombe na kutembea jua hadi jua, walikuwa wanene.

"Kumbe kuchunga kunanenepesha," Clemens alisema. "Kesho nanunua ng'ombe."

"Mwalimu, umeiona miguu yao? Ufito mtupu. Karatasi hii inadanganya, na nikiipeleka hivi, uji hakuna. Kesho tunapima upya."

Asubuhi alimwita Onesmo, mmoja wa wanene wa karatasini, akamwambia kwanza azunguke uwanja mbio. Kijana alikimbia huku ameshikilia kaptula. Kwenye kona akaiachia. Kaptula ikashuka magotini, mawe yakamwagika, shule nzima ikaangua kicheko.

"Nani kakupa haya?"

"Mama."

Mama Onesmo alikuwa palepale kati ya wazazi waliokuja kutazama, mikono kiunoni. "Ndiyo, mimi! Kwenye chama cha ushirika, ukipeleka pamba na mzigo ukawa mwepesi, nani anakuheshimu? Mwanangu aandikwe pamba fifi, ile ya daraja la chini, mbele ya serikali?"

Wenzake wakaitikia. Vijiji vyote vya wakulima vilikuwa vimefanya hivyohivyo. Asiyejazwa mawe alinyweshwa maji mpaka tumbo likaning'inia. Wenye maduka, ambao pamba hawauzi, waliwaleta wao vivi hivi tu.

Salvina hakugomba. Alipanda mzani mwenyewe. "Mama Onesmo, njoo unisomee mshale."

Mama aliinama, akaguna. "Mh! Binti, wewe fifi kabisa!"

"Fifi, na serikali imenipa gari." Wanawake walicheka. "Mzani huu haununui mtu, mama. Unauliza tu kama ameshiba. Ukimtia mawe, unajibu kwamba ameshiba. Je, Onesmo ameshiba?"

Mama Onesmo alimtazama mwanawe, magoti yake na mbavu zake, kwa muda mrefu kuliko alivyotaka watu waone.

"Jana alikunywa maji tu," alisema. Kisha, kwa ukali: "Toa mawe yote. Hata la mfuko wa nyuma, nakuona!"

Safari hii vitone vilikaa palipopaswa: anayetembea zaidi, chini zaidi. Hapo ndipo Salvina alipowaambia habari ya uji, akakunja karatasi yake kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Mchana Landrova ikawaka.

"Nenda na fifi zetu!" Mama Onesmo alipaza sauti. "Na usiziongezee!"

"Hata punje!" Salvina alijibu dirishani, mzani mapajani.

Vumbi lilipotulia, Clemens alikuwa bado amesimama uwanjani. Nyuma yake Mama Onesmo alikuwa akilibingirisha jiwe kubwa kuelekea ukuta wa darasa.

"Mama, unga wenyewe bado haujaja."

"Utakuja. Wewe sema tu, mwalimu, mafiga tuyaweke wapi?"