Choki ya Umeme Mpaka Mgeta na Kurudi

Safari hii ilitokana na macho ya Bibi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika kiasi kwamba aliwahi kumsalimia mbuzi na kumuuliza habari za nyumbani. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja mjini kwa siku moja tu, Jumamosi, majina yanaitwa saa tatu asubuhi. Bibi yuko juu kabisa milimani, Mgeta. Mjomba, mwanawe, ana pikapu ya petroli iliyonizidi umri mara mbili, na waya wake wa choki ulikuwa umekatika.

Ijumaa asubuhi, gereji ya Kihonda, hapa mjini. Fundi akatoa njia mbili: kurudisha waya, uvute kwa mkono kila injini ikiwa baridi, au kufunga choki ya umeme, inayoziba hewa injini ikiwa baridi na kufunguka yenyewe ikipata moto. Mjomba akabaki anajikuna kidevu.

"Mjomba, siku hizi hata banda la kuku lina umeme," nikasema.

Fundi akacheka, Mjomba akaona aibu, ikafungwa ya umeme. Ndivyo mwanafunzi wa kidato cha tatu anavyoamua mambo ya ufundi.

Mchana, njiani. Baada ya Mzumbe tukaanza kupanda. Kona juu ya kona, matuta ya kabichi yamening'inia mlimani kama nguo zilizoanikwa. Pikapu haikukohoa hata mara moja. Mjomba akanisifu, nami nikasifika.

Jioni, Mgeta. Tukapokewa na Mama Koleta, jirani anayemtunza Bibi miaka yote hii. "Shikamoo, mama." "Marahaba, karibuni moto." Viazi, njegere, chai ya kuchoma ulimi. Nilikula kama niliyetumwa na ukoo mzima.

Saa kumi na moja alfajiri. Baridi ikaniamsha kabla ya jogoo. Nikaingia kwenye pikapu, nikawasha ufunguo nisikilize redio, injini sikuigusa. Nyimbo kama tano hivi. Kisha Bibi akaletwa amevikwa makoti mawili, akapandishwa mbele, Mjomba akapiga stata. Nye-nye-nye. Akarudia, akarudia tena, mpaka betri ikaanza kulegea.

"Choki ya umeme!" akafoka. "Yule fundi kaniuzia urembo!"

Nikaikumbuka redio. Ningenyamaza mpaka leo, msalaba angeubeba fundi. Lakini Bibi akauliza taratibu, "Wakiniita nisipokuwepo, wataniita tena?"

"Mjomba," nikasema, "nilikuwa nasikiliza redio."

Mama Koleta, ambaye marehemu mumewe aliendesha lori la kabichi, akafungua boneti. "Ufunguo ukiwaka, choki inapata moto. Inadhani injini imechemka, inafunguka. Injini yenyewe bado barafu." Akanigeukia. "Wewe, disko unalipiga kwenye kabureta?"

"Tusubiri ipoe?" Mjomba akauliza.

"Na saa tatu nayo itakusubiri?" Akatoa chujio la hewa, akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja badala ya choki. "Haya, baba. Mara moja tu, betri haina ya pili."

Injini ikakohoa. Akalegeza vidole kidogo kidogo mpaka ikanguruma. Kisha kwa mkono uleule unaonuka petroli akanipiga kisogoni. Nilisema asante, na sikuwa natania.

Saa tatu kasoro dakika chache, mjini. Jina likaitwa, Bibi akaitika kwa sauti kubwa kuliko darasa letu zima.

Choki ya umeme tumeibakiza. Mjomba ana tabia ya kuvuta waya akasahau kuurudisha, petroli inanywewa bure. Nilichojifunza ni kwamba kifaa kinachojifanyia kazi chenyewe bado kinataka mtu anayejua kinafanya nini. Mtu huyo tulikuwa naye Mgeta, bahati yetu.

Wiki iliyofuata tukamrudisha Bibi, bandeji imeshatolewa. Mama Koleta akatoka nje anajifuta mikono. Bibi akamshika mabega, akamtazama muda mrefu.

"Kumbe umezeeka hivi, mwanangu!"

"Nimezeeka nikikupikia," akajibu Mama Koleta.