Parafujo ya Mashine ya Pili

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa, na kama ningepewa kuchagua ningeisahau. Nimesikia unavyosifiwa huko kazini Garsen, kwamba mashine moja ikiharibika unaitengeneza kwa kiungo cha nyingine. Basi keti kidogo. Sikukuita nikugombeze, ingawa mama yako husema kugombeza ndiyo kazi pekee iliyonibakia.

Nilikuwa kijana, natoka Idsowe, na baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi. Nikapata kazi katika afisi ndogo ya serikali kando ya mto. Aliyenifundisha kushika kalamu ni karani wa pale, Bwana Omari, mtu wa Kipini, mpole, mwenye mwandiko ambao hata wasiojua kusoma walisimama kuutazama. Wafugaji waliacha ng'ombe wao malishoni wakaja awaandikie barua. Na kila Ijumaa, baada ya sala, alikuwa akinakili Kurani kwa mkono wake kwa ajili ya msikiti wa kwao. Alikuwa amefika juzuu ya kumi na tisa.

Kazi yangu mimi ilikuwa mashine ya chapa. Usiifikirie kama hizi zenu. Ilikuwa chuma kitupu, bamba chini na bamba zito juu, na parafujo nene yenye mpini. Barua yenye wino mbichi ilitiwa ndani ya kitabu cha karatasi nyepesi zilizoloweshwa, ukazungusha mpini, bamba likashuka likakandamiza, na nakala ikabaki kitabuni. Ukizungusha kinyume, bamba linapanda.

Parafujo ile ikaliwa meno. Mzungu wetu, mkuu wa afisi, akasema tungoje nyingine itoke pwani, kisha akaenda zake safari ya Kinakomba. Lakini ghalani kulikuwa na mashine ya pili, imevunjika mguu, imeletwa kutoka afisi iliyofungwa. Rangi ileile, hata maua ya manjano yaliyochorwa ubavuni yaleyale. Nikaitoa parafujo yake nikaitia kwenye yetu. Iliingia vizuri, vizuri mno, maana ilikuwa inacheza. Kidogo tu, lakini mkono wangu uliisikia.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mtumbwi ukipasuka, baba alikuwa akikata kipande cha mtumbwi mkuukuu, anakizungushia uzi wa pamba uliolowa, anakipachika, halafu anausukuma mtumbwi mtoni. Mti hunywa maji ukafura, ukajibana wenyewe. Na mimi nikafanya hivyo hivyo. Nikazungusha uzi uliolowa kwenye meno ya parafujo, nikaikaza. Ikashika. Nilifurahi sana, maana nilitaka mzungu arudi anikute naitwa fundi.

Asubuhi Bwana Omari akaja na barua mbili za kupelekwa Kipini.

"Umeijaribu?" akaniuliza.

"Nimeijaribu, Bwana Omari. Hizi mashine ni za tumbo moja."

"Na imeshika?"

"Imeshika."

Habari ya uzi sikumwambia. Niliona haya, nisije nikaonekana mshamba wa mitumbwi mbele ya mtu aliyesoma. Barua ya kwanza ikatoka safi. Nikalipandisha bamba. Yeye akaingiza kitabu mara ya pili, akapitisha kiganja juu ya karatasi kuilainisha, kama ilivyokuwa desturi yake. Uzi ulikuwa umekatwakatwa na chuma, na chuma hakifuri. Bamba likaanguka lote juu ya mkono wake.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, na pumzi ile naisikia hadi leo.

Nilimpeleka Kipini kwa mtumbwi, nikipiga kasia mwenyewe, mkono wake umefungwa kwa kanzu yangu. Tukiwa njiani akasema, "Ulijua?"

Nikasema, "Nilijua inacheza."

Tukapita kona mbili za mto. Halafu akasema, "Ungeniambia, ningekisukuma kitabu kwa rula."

Basi. Hakunitukana wala hakuniapiza. Ningeona afadhali angenitukana.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatwa. Mzungu aliporudi alinikaripia siku moja, kisha akanikalisha kwenye kiti cha Bwana Omari, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kuandika. Nililia, lakini nilikaa. Nilikaa kwenye kiti kile miaka mingi, na ndicho kilichomlisha mama yako.

Baadaye sana Bwana Omari alikuja afisini, na ndugu yake, kutaka barua ya shamba la marehemu baba yao. Nikaiandika. Nikamsogezea atie sahihi. Akatia kidole gumba cha kushoto kwenye wino, akakibandika chini ya maandishi yangu, yeye aliyenifundisha alifu. Kisha akaisoma barua mpaka mwisho.

"Herufi za mwisho bado unazikimbilia," akasema, akaondoka.

Nikauliza watu wa Kipini habari za ile juzuu ya kumi na tisa. Wakaniambia iko kwao, imeishia katikati ya ukurasa.

Mwanangu, sikukatazi kutoa kiungo huku ukakitia kule. Huna budi, najua, na vipuri vya pwani huchelewa. Ninalokuomba ni hili: kiungo kikicheza, usikifunge kwa uzi ukanyamaza. Mwambie yule atakayeingiza mkono. Mwambie kabla, kwa mdomo wako, hata kama utachekwa, hata kama utaitwa mshamba. Kuona haya kwangu kulikuwa kwa kitambo kidogo tu, na kukamwandama mwenzangu umri wake wote.

Nenda kazini. Mungu akulindie vidole vyako, na zaidi ya hivyo akulindie vidole vya wanaokuuliza, "Umeijaribu?" wakaamini utakachojibu. Amin.