Kikundi cha Sauti Moja

Pale Ushongo, mtu aliyetafuta nyumba ya Mwatumu binti Shaib hakuwa na haja ya kuuliza; alisimama njiani akasikiliza. Mwanamke huyo alijaliwa sauti. Haikuwa ya ugomvi wala ya umbeya, bali ya mtu ambaye daima ana la kusema na haoni sababu ya kulilaza.

Miaka ile ya dhiki, sabuni ilipoadimika na sukari ikawa ya kugawiwa, sauti hiyo ilikuwa neema. Gari la ushirika likifika, Mwatumu ndiye aliyeipanga foleni: wajawazito mbele, wazee wafuate, wenye mabavu nyuma. Hakuna aliyemchagua, na hakuna aliyembishia. Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kuagiza na kuuza. Maduka yakajaa sabuni za kila rangi, foleni ikafa, na Mwatumu akabaki na sauti isiyo na kazi.

Kwa hiyo wanawake wa kijiji walipoanza kulima mwani, wakaambiwa waunde kikundi ili wasaidiwe, yeye alikuwa mwenyekiti kabla watu hawajakaa sawasawa mkekani. Kikundi kikaitwa Sauti Moja. Wanachama hawakuuliza ni sauti ya nani.

Mikutano yao ilikwenda upesi. Mwatumu alifungua, akatoa hoja, akaijadili, akaikubali, akafunga kwa dua. Katika mkutano mmoja wa namna hiyo iliamuliwa kwamba kikundi kijenge mgahawa, kiwauzie chakula wazungu walioanza kuja kupiga mahema ufukweni. Mumewe, Mselem, akamkatia boriti za kujengea.

Haukupita muda, shirika moja la Tanga mjini likamwita kwenye mafunzo ya viongozi wa vikundi, katika ukumbi mdogo huko Mabawa. Alikwenda na furaha zote, akiamini kwamba sasa atapata watu wa kuzungumza nao.

Mkufunzi alikuwa Anjela, Mbondei wa Muheza, mwanamke mwembamba mwenye kicheko cha taratibu. Asubuhi ya kwanza alimpa kila mshiriki komwe tatu, zile mbegu za kuchezea bao. Akaeleza kwamba kila atakayesema ataweka komwe moja katikati. Zikimwishia, atanyamaza mpaka wenzake wote wamalize zao.

Mwatumu alitumia ya kwanza kusema kwamba ameelewa. Ya pili ilikwenda kwa salamu za wanawake wa Ushongo. Kwa ya tatu aliuliza kama salamu nazo zinahesabiwa. Zilihesabiwa.

Basi akakaa, na kiti kikamchoma. Mzee mmoja wa Mkwaja, Idarusi, alikuwa akieleza habari za kikundi chake cha wavuvi, pole pole, kama mtu anayetafuta sindano mchangani, na kila neno alilolikosa, Mwatumu alikuwa nalo tayari ulimini. Akamkonyeza jirani yake amwazime komwe. Jirani akazifumbata zake. Lakini Idarusi alipofika mwisho wa maneno yake, haukuwa mwisho ule ambao Mwatumu angemmalizia. Wala haukuwa mbaya. Jambo hilo likamkaa kichwani mpaka alasiri.

Walipokuwa wakinywa chai alimwendea Anjela. "Mwanangu, kunyamaza ni kazi nzito kuliko kufunga mwani."

"Pole, mama. Katika kikundi chako, nani husema kidogo kuliko wote?"

Akamtaja Khairat, mke wa Tahiri, aliyeolewa pale kutoka Pemba.

"Sauti yake ikoje?"

"Naijua kwa salamu tu," akasema Mwatumu.

Aliporudi Ushongo aliitisha mkutano, akagawa komwe, yeye akajiwekea moja tu. Akaitumia kufungua mkutano, kisha akakaa. Wanawake wakatazamana. Saleha, rafiki yake wa tangu utotoni, akatoa komwe moja kuuliza kama mwenyekiti ana homa. Baada ya hapo komwe zikabaki mikononi mwao, hata Mwatumu akashika kidevu kwa mikono miwili. Ndipo Khairat akasogeza komwe yake katikati.

"Bi Mwatumu, utuwie radhi. Mgahawa hatuutaki. Bamvua likija, maji yakatoka mbali, tunashinda kule majini, na watoto tumewaacha ufukweni peke yao. Juzi wangu maji yamemfuata mpaka kiunoni. Mimi nataka banda la watoto, na mtu wa kukaa nao kwa zamu."

Komwe zikamiminika. Huyu alisema mwanawe alikanyaga kaa koko, yule alisema hujikuta anafunga mwani huku shingo imegeukia pwani. Mwatumu alikuwa na majibu ya kuutetea mgahawa, tena mazuri, lakini hakuwa na komwe, na hakuna aliyemwazima.

Alirudi nyumbani moyo umemvimba. Mselem alikuwa akila bada, ugali wa muhogo, kwa samaki. Akamweleza jinsi miaka yote hiyo wale wanawake walivyomkubalia, kumbe hawakukubali.

"Uliwauliza?" akasema Mselem.

Mwatumu akaondoa sahani kabla mwenyewe hajashiba.

Asubuhi akaenda kwa Khairat, bila kujua kama anakwenda kugombana au kuomba radhi. Alimkuta akifagia ua. "Boriti zipo," akamwambia. "Mnataka banda likae wapi?" Khairat akachora ardhini kwa njiti. Mwatumu akasema pale mvua ikinyesha panatuama maji. Khairat akakubali hilo, akakataa lingine, na mabishano yakaendelea mpaka jua likawa la utosi. Mwatumu aliondoka ameshiba maneno, na mengi hayakuwa yake.

Banda likajengwa, na bibi za watoto wakawa wanakaa nao kwa zamu. Mwaka uliofuata kikundi kikafanya uchaguzi, mikono mingi ikamwinukia Khairat. Mwatumu akampa mkono mwenyekiti mpya, akaenda nyumbani akasononeka, tena kwa siku kadhaa. Aliyemtoa ndani ni Anjela, aliyekuja kuwatembelea, akamtaka wafuatane kufundisha vikundi vingine vya pwani. Alisema anamhitaji mtu aliyewahi kuugua ugonjwa huo wa kuwasemea wenzake.

Safari yao ya kwanza ilikuwa Mkwaja, kwa mzee Idarusi. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma, na huko nyuma hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mwatumu akawaomba wanaume, kwa heshima zote, watoke kidogo. Idarusi akawaongoza nje, akisema basi wao watapika kahawa.

Wanawake walianza kwa minong'ono, kisha mmoja akacheka, kisha wakawa wanasema wote kwa pamoja. Mwatumu akawa kazi yake ni kugeuza shingo tu. Kahawa ilipokuwa tayari, Idarusi akachungulia mlangoni na kuuliza kama wamemaliza. Mwatumu akawaangalia wanawake ili wamjibu wao.

Wakamwambia bado.