Picha Iliyokuja na Fremu

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mbunifu wa ndege za vita hapa Landani, hunitazama mikono, labda wataona baruti. Baruti gani! Mie nilichora mlango. Ndege ikipaa, magurudumu huingia tumboni mwake, na mlango mdogo hujifunga nyuma yake. Huo ndio wangu. Nilikuwa na bosi wa mlango na bosi wa bawaba, na kila Jumatatu tulifanya kikao cha bawaba. Mlango ulipokamilika, serikali ikaifuta ndege nzima. Tukapewa keki ya kupongezana.

Nilichokitaka mie ni bawa. Kulikuwa na ndege mpya ya vita, na waliochora bawa lake walikaa chumba chenye kufuli, wakitoka na nyuso za watu waliokula pilau bila kukaribisha mtu. Nilikitamani chumba kile mpaka nikawa nakiota. Bosi akaniambia nafasi ni yangu, ila kwanza mtu wa usalama atawauliza jamaa zangu mie ni nani. Nikacheka. Wazanzibari wote wa Kilburn, mtaa wetu, walinijua, mpaka soksi zangu. Nikamtaja kinyozi wetu, na mzee aliyetusalisha sebuleni kwake, na mjomba wangu niliyekuwa nikikaa naye. Wenyewe sikuwaambia kitu, maana kazi yangu ilikuwa siri. Nyumbani walidhani napanga makasha ghalani, kule Hayes.

Haukupita muda bosi akaniita, uso umemwiva.

"Hakuna anayekujua," akasema.

Kinyozi alisema hajapata kuniona. Mzee wa sala alisema hajui Kiingereza, tena alisema kwa Kiingereza safi. Na mjomba, ndugu wa mama yangu tumbo moja, alisimama mlangoni, nyuma yake ukutani picha yangu ya kuhitimu, joho na kofia, akasema kijana huyo hamjui. Akaulizwa, na picha ile je? Akajibu ilikuja na fremu.

Ya Rabi! Nilirudi Kilburn damu inanichemka. Mjomba alikuwa jikoni anakaanga samaki, furaha tele.

"Alikuja mtu wa serikali anakuulizia," akaniambia hata koti sijavua. "Jalada kwapani. Nimemmaliza! Na wenzangu nikawapigia simu kabla hajafika kwao. Hakupata neno."

"Mjomba, umeniua! Ilikuwa kazi! Kazi niliyoitaka maisha yangu yote!"

"Kazi gani hiyo, mtu anaulizwa kwa watu?"

"Siwezi kukwambia."

"Haya basi." Akageuza samaki.

Nikapandisha sauti. Nikamwita mwoga, mjomba wangu mzima! Nikamwambia huku si Unguja, huku mtu akiulizwa husema kweli na maisha yakaendelea.

Akazima jiko.

"Baada ya mapinduzi walikuja hivyo hivyo," akasema. "Kwa adabu, na jalada. Wakaniuliza shemeji yangu analala wapi siku hizi. Nikasema kweli. Kwa nini niseme uongo, mwanangu? Alikuwa hana kosa."

Shemeji yake alikuwa baba yangu. Nilichojua mie ni kwamba alichukuliwa akiwa kitandani na hakurudi. Nani aliwaonyesha nyumba, hakuna aliyepata kuniambia.

Nikakaa. Mjomba alipakua, kipande kikubwa akaniwekea mie. Nilimchukia, nikamhurumia, na samaki nikamla.

Chumba chenye kufuli sikukiingia. Nilihamishiwa ndege za abiria, na mpaka nastaafu nilichora milango ya vyoo. Kama umewahi kujifungia chooni angani na ukatoka salama, niombee dua.

Lakini nafasi niliipata tena, asubuhi baada ya usiku ule wa samaki. Bosi, mtu mwema, aliniambia yule mtu wa usalama yuko tayari kurudi Kilburn, amwonyeshe mjomba wangu picha taratibu na amuulize upya.

"Asimsumbue mzee wa watu," nikamwambia. "Kweli hanijui."