Kobia Alistahili Kuambiwa

Ednah alipoolewa na Kobia, fundi wa vitanda asiyesikia, pale Makutano mjini Meru, jamaa zake wa kijijini Kiirua walisema ameolewa na bubu. Mdogo wake wa kike, Nelius, alilichukia neno hilo, ila hata yeye hakujua kuzungumza na shemeji yake. Alizungumza naye kupitia kwa dada yake: "Muulize Kobia kama atakula." Siku moja Kobia aligonga meza kwa vidole, akajinyooshea kidole kifuani. Niulize mimi.

Ndipo Nelius akaanza kujifunza. Jumamosi, akishauza viazi, alipitia karakana, na Kobia akamfundisha lugha ya ishara katikati ya vumbi la mbao. Alikuwa mwalimu mkali. Hakutaka kuvutwa shati. Mguse bega kidogo, au mpungie mkono. Hakutaka mtu alipe dirisha mgongo, maana uso uliingia giza. Na Nelius alipochoka akasema, "Aa, si kitu," Kobia aliweka randa chini na kumtazama mpaka arudie lote.

Baada ya miaka michache Ednah akaanza kushindwa kumeza chakula. Walipomfikisha hospitalini, saratani ilikuwa imeshasambaa. Daktari alitoka wodini, akampita Kobia kwenye benchi, akawaambia Nelius na Mugambi, kaka mkubwa wa Kobia, kwamba hakuna la kufanya tena.

Kobia aliinuka. Alikuwa ameziona nyuso zao. Amesema nini? aliuliza kwa mikono.

Mugambi akamwinulia dole gumba, akatabasamu.

"Baba Mwenda, usimdanganye," Nelius alimwambia Mugambi.

"Sasa utamwambiaje? Huyu mambo ya daktari hawezi kuelewa. Wacha tu. Ikifika siku, ataona mwenyewe."

"Ni mke wake. Mimi na wewe tumeambiwa, na yeye hajui."

Mugambi akaenda zake, akinung'unika kwamba huyo mwanamke hana huruma.

Nelius alimwongoza Kobia hadi karibu na dirisha, akasimama mahali mwanga ulipomwangukia usoni. Hakuwa na ishara ya saratani wala ya kusambaa. Akatumia alizokuwa nazo: Ednah. Ugonjwa. Dawa, hakuna. Kobia akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, polepole, na Nelius akatambua kwamba alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza. Alitumaini tu kwamba mwanafunzi wake amekosea.

Kobia aliingia wodini, akaketi kando ya kitanda. Ednah hakuwa na sauti tena, lakini mikono ilikuwa bado inaweza. Walizungumza jioni yote. Nelius aligeukia ukuta, kwa sababu sasa aliyaelewa maneno yao, na hayakuwa yake kuyasikia.

Ednah alifariki wiki hiyo. Mazishini Nelius alisimama mbele ya Kobia, akajaribu kufasiri mahubiri. Mchungaji alikwenda mbio. Nusu ilimponyoka, na waombolezaji wakaitazama mikono yake kana kwamba ni mchezo. Jeneza lilipoanza kushushwa, Kobia akayaondoa macho kwake, naye akaishusha mikono.

Siku hizi Kobia anaishi peke yake. Kukiwa na mkutano wa familia, Mugambi humtumia ujumbe wa simu baada ya watu kutawanyika. Nelius bado hupita karakana. Kuna siku hawasemezani lolote. Kobia anapiga randa, naye anakaa juu ya mbao mpaka giza linaingia na mikono haionekani tena.