Kwenda Nansio na Gari Linalofikiri Kwanza

Wenzangu wa kibanda cha kushona viti vya magari pale Mirongo mmeniuliza mara nyingi safari ya Nansio ilikuwaje, na kila nikianza kusimulia mnaangua kicheko kabla sijafika hata Igoma. Nimeona niandike. Karatasi haimkatizi mtu.

Tulikwenda kwa sababu ya harusi. Leokadia, binti wa mjomba wangu Faustine, alikuwa anaolewa huko Nansio, Ukerewe, nyumbani kwa mama yake. Tangu akiwa mtoto mjomba alimwahidi kwamba siku hiyo atatoka nyumbani kwa gari lake jekundu. Mnalijua: la milango miwili, limelala chini kama chura, na mjomba alilinunua enzi zile bado ana nywele. Siku hizi macho yake hayamruhusu kuendesha. Gari linakaa Igogo chini ya turubai, nami ndiye ninayelishonea viti na kulipasha moto Jumapili. Ndiyo maana usukani nilipewa mimi.

Tatizo lilikuwa moja tu. Gari lilikuwa linasita. Si kila mara. Unakanyaga mafuta, linanyamaza, linatikisika kama mtu aliyepaliwa, halafu ndipo linakwenda. Mjomba hakutaka neno ugonjwa litajwe.

"Linafikiri kwanza," alisema. "Magari ya siku hizi yanakimbia tu, hayafikirii."

Alhamisi asubuhi tuliondoka Igogo, mjomba akiwa na koti la suti na kofia, kana kwamba harusi ni siku hiyo. Kupita Nyakato na Igoma gari lilikuwa na adabu. Kisesa tulinunua maji. Kila aliyelitazama gari, mjomba alimpungia mkono. Nami nilitazama mbele, maana mnajua sipendi kutazamwa.

Tulipopita Magu tulikuta lori la mchanga likitambaa katikati ya njia. Mjomba akasema lipite, nikasema ndiyo, mjomba. Nikatoka upande wa kulia, nikakanyaga kwa nguvu. Gari likafikiri. Tulikuwa sambamba na matairi ya lori, mbele basi linakuja likiwasha taa, na gari bado linafikiri. Nilirudi nyuma ya lori.

Mjomba alivua kofia, akajipepea. Kisha akasema, "Umeona? Limefikiri, likaona tusubiri. Lina busara kuliko dereva."

Lakini baadaye kidogo aliongeza kwa sauti ndogo, "Deus, pale kanisani kuna kilima."

Kile kilima nakijua. Gari likisita pale na bibi harusi ndani, wakwe watatusukuma mbele ya kanisa zima.

Lamadi tulisimama kwa fundi wa kwanza, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu katika jua lile. Alifungua boneti, akainama mpaka kichwa kikazama karibu na injini. Mjomba naye akainama upande wa pili.

"Kanyaga," fundi akasema.

Nikakanyaga. Injini ikaimba vizuri.

"Kanyaga tena."

Ikaimba tena.

"Mbona gari ni zima?" fundi akauliza. Akatoa filta ya hewa, akaipigapiga kwenye goti, vumbi likaruka mpaka kwenye koti la mjomba. "Mzee, lilikuwa limeziba pua tu. Nendeni."

Tulikwenda. Kabla hatujafika mbali tulikuta ng'ombe wakivuka, tukasimama, na nilipotaka kuondoka kwa haraka, gari likapaliwa.

Bunda tulipata fundi wa pili, baba mnene aliyekuwa anakunywa chai ya maziwa na hakuiweka chini kwa ajili yetu. Alifungua plagi kwa mkono mmoja, akazisafisha, akazirudisha. Naye akazamisha kichwa pale pale, akaniambia nikanyage. Nikakanyaga. Injini ikatulia kama paka aliyeshiba.

Akanitazama kupitia uwazi wa boneti. "Kijana, gari hili halina kitu. Labda mgonjwa ni wewe."

Watu wote wa pale wakacheka. Mjomba akacheka kuliko wote.

Kisorya tulipanda pantoni mchana. Ziwa lilikuwa limetulia, na abiria walikuja kulizunguka gari wakichungulia viti vyangu. Shida ilitukuta ng'ambo, Rugezi. Njia ya kutokea pantoni ilikuwa na mwinuko, na gari lililotutangulia lilipopanda, mfanyakazi wa kivuko alinipungia mikono kwamba niwahi. Nikakanyaga kwa nguvu. Gari likafikiri, likazimika, likaanza kurudi nyuma taratibu. Nilishika breki. Nyuma yangu mama mmoja mwenye beseni la nyanya alikuwa amesharuka pembeni.

"Kaka!" akaniita. "Tulisukume au tuliombee?"

"Liacheni," akasema mwingine, "limefika ukweni, linaona aibu kuingia."

Walilisukuma wakiimba. Mjomba alibaki kwenye kiti chake, kofia kichwani, akiwashukuru kwa mkono mmoja kama askofu.

Nansio tulifika jua likielekea kushuka. Habari za Rugezi zilikuwa zimeshatutangulia. Sijui zilipanda nini. Mama Leokadia, mke wa mjomba, alitupokea mlangoni. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Leo, nimesikia mmekuja kwa miguu huku mmekalia gari."

Tulipokwisha kula, akaja msemaji wa upande wa bwana harusi, mtu mpole sana. Alisema wao wanalo gari kubwa jeupe, limeshafungwa maua, na kama wazee hawatajali, Leokadia angepanda hilo. Mjomba aligeuzageuza kofia yake mikononi. Alitazama ukuta.

Leokadia ndiye aliyejibu. "Mtupe mpaka kesho mchana. Likisita tena kesho, nitapanda lenu."

Ijumaa asubuhi alinikuta uani nimefungua boneti, natazama tu. Leokadia ni mwalimu wa watoto wadogo, na huniuliza maswali kama mmoja wao.

"Deus, lilisita wapi?"

"Kwenye lori. Kwenye ng'ombe. Kwenye pantoni."

"Na kwa mafundi?"

"Halikusita hata kidogo."

"Kwa mafundi ulikanyagaje? Nionyeshe."

Niliingia, nikawasha, nikamwonyesha. Mama Leokadia alikuwa anachambua mchele pembeni. Akaacha ungo.

"Mwanangu, huko ni kukanyaga au kubembeleza?"

Nikaeleza. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa ndani. Mjomba naye ameinama. Mtu anawezaje kuvumisha injini kwenye sikio la mkubwa wake? Si ni kumtukana? Na kwa yule wa Bunda palikuwa na watu wengi, wote wananitazama.

Leokadia alicheka mpaka akashika boneti. "Kwa hiyo barabarani unakanyaga kweli, na kwa fundi unakanyaga kwa heshima. Umempeleka mgonjwa hospitali halafu unamziba mdomo asikohoe!"

Mjomba alikuwa ametoka nje na kikombe cha chai. Akaja, akasimama mbele ya gari, akainama.

"Haya," akasema. "Nitukane."

Nilimwomba asogee pembeni, gari lisije likamrukia. Nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikatia gia, nikaachia klachi kidogo tu mpaka gari likataka kuondoka, kisha nikakanyaga. Kuku walikimbia. Nilitamani kufumba macho. Injini ikanguruma, halafu ikapaliwa, ikatikisika, pale pale mbele ya watu wote.

"Inainuka!" Mama Leokadia akapaza sauti. "Ione, inainuka kama jogoo anayetaka kuwika!"

"Tena!" mjomba akasema. "Nitukane tena!"

Mara ya pili Leokadia aliona. Ile mipira inayoishikilia injini ilikuwa imechoka, kwa hiyo kila nilipokanyaga kwa nguvu injini iliegemea upande mmoja na kuuvuta mrija mnene wa mpira unaoipelekea hewa. Chini ya mrija, kwenye mikunjo, palikuwa na mpasuko. Injini ikitulia, mpasuko unafumba, huwezi kuuona hata ukizamisha vichwa viwili. Injini ikiinuka, unafunguka kama mdomo wa sato, unavuta hewa isiyotakiwa, na mafuta yanakuwa machache kwa hewa ile. Ndiko kufikiri kwenyewe.

Duka la vipuri la Nansio halikuwa na mrija wa aina ile. Lakini mpira uliopasuka mimi naujua. Ndiyo kazi yangu. Nilikuwa na gundi yangu ya viti, nikakata tyubu ya baiskeli, nikausafisha mpasuko, nikaubandika, nikauzungushia kanda ya mpira kwa kuivuta sana, nikafunga kwa uzi wa nta kama ninavyofunga kingo za kiti. Tuliuacha ukauke. Mchana, yule msemaji mpole akiwa amesimama uani, mjomba aliinama tena kando ya injini. Nilikanyaga bila kuambiwa. Injini ikainuka, ikanguruma, haikupaliwa.

Msemaji akasema, "Basi, gari letu litabeba mashangazi."

Jumamosi Leokadia alitoka nyumbani kwa gari jekundu. Shela lilijaza kiti chote cha mbele, na mjomba, baba wa bibi harusi, alijikunja kwenye kile kiti cha nyuma ambacho hata mbuzi angelalamika. Chini ya kilima cha kanisa Leokadia aliniambia bila kunitazama, "Deus, leo usibembeleze." Tulipanda kwa mngurumo mpaka wanakwaya wakatoka kutazama. Nyuma nilimsikia mjomba akipenga kamasi. Alisema ni vumbi.

Jumatatu, wakati wa kurudi, tulisimama Bunda. Yule fundi mnene alikuwa bado na kikombe. Nilimwonyesha mrija, akatikisa kichwa. "Ungelikanyaga hapa vile ulivyolikanyaga huko, ningeliona siku ileile." Ni kweli, na hilo ndilo nililojifunza safari nzima: fundi anaponya anachoonyeshwa. Ukimfichia kwa adabu, atakupangusia vumbi na kukuaga vizuri.

Kabla ya Magu tulikuta tena lori la mchanga. Mjomba, ambaye tangu harusi alikuwa na haraka ya kila kitu, akagonga dashibodi.

"Gari limepona. Lipite! Kanyaga!"

Mbele palikuwa na mwinuko, sikuona upande wa pili.

"Hapana, mjomba. Sioni mbele."

Aligeuka, akanitazama chini ya kofia yake.

"Kumbe," akasema, "na wewe unaweza kujibu bila kufikiri kwanza."

Tulilifuata lori polepole mpaka juu ya mwinuko. Barabara ilipofunguka, wazi na tupu, sikungoja aniambie nikanyage.